SOMO LA LEO: Namna ya kuuza mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma mtandaoni bila chupa kurudi

Leo tunaongelea bidhaa ambayo sisi wa Dodoma tuko nayo mlangoni, lakini wengi wetu tunaiuza kama soda: piga picha, weka bei, andika "mzigo umeingia", basi. Naongelea mvinyo, au waini kama tunavyosema mtaani. Na naongelea hasa ule mwekundu mkavu, mzito mdomoni, ambao aliyeutengeneza hakuuchezea sana: hakuongeza sukari, hakuuchuja mpaka ung'ae, hakuuwekea vitu vingi.

Huu ndio mvinyo unaowasumbua wauzaji. Mteja anafungua chupa, anakuta mdomo unakauka, hakuna utamu, chini kuna vitu vyeusi. Anapiga simu: "Hii umeniletea imeharibika." Wewe hujui kama kweli imeharibika au ndivyo ilivyo. Unarudisha hela ili yaishe. Hapo ndipo mtaji unapokatika.

TUPIGE HESABU KWANZA

Tuchukue mfano. Chupa umeinunua 17,000. Mfuko na kufungia 500. Unauza 23,000, bodaboda 2,000 analipa mteja. Faida yako 5,500.

Chupa ikirudi ikiwa imefunguliwa, huwezi kuiuza tena. Umepoteza 17,000 ya chupa na 500 ya kufungia. Unamrudishia mteja na ile 2,000 ya boda, halafu unalipa 2,000 nyingine ya kuirudisha. Jumla 21,500. Gawanya kwa faida ya 5,500: unatakiwa uuze chupa nne ndiyo urudi ulipokuwa. Chupa nne za bure kwa sababu ya maelezo ambayo yangekuchukua dakika tano kuandika.

Hapa Mtumba uzito unaongezeka. Wizara ziko hapa, watu wanaagana, watu wanapokea wageni, watu wanatafuta zawadi ya kupeleka Dar. Mtu mmoja ofisini akisema "yule anauza vilivyoharibika", umepoteza ghorofa nzima. Kwa hiyo somo la leo ni moja: ijue bidhaa yako vizuri kiasi kwamba mteja anajua atakachokutana nacho KABLA hajatuma hela.

1. JUA "UMESIMAMA" MAANA YAKE NINI

Ukimsikia mtu anayejua mvinyo anasema huu umesimama, au una mwili, hasemi kwamba unalewesha sana. Anamaanisha vitu vinne vimeshikana vizuri mdomoni:

Ukakasi. Ule unaokausha ulimi na fizi. Unaujua tayari: ndizi mbichi, bibo la korosho, zambarau, chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu.

Ugwadu. Ule ukali unaokufanya utoe mate, kama ukwaju au ubuyu. Unatoka kwenye zabibu yenyewe, na ndio unaofanya mvinyo usichoshe.

Kilevi. Mvinyo mwekundu mkavu mwingi duniani uko kwenye asilimia 12 mpaka 14 hivi. Soma kwenye lebo, usikisie.

Uzito. Tofauti ya maji na maziwa mdomoni. Mvinyo mwepesi unapita tu, mzito unakaa.

Na neno "mkavu" halina uhusiano na ukakasi, ingawa wateja wanachanganya. Mkavu maana yake sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira na kugeuka kilevi. Hakuna utamu uliobaki, au upo kidogo sana. Mteja akikuuliza "ni kavu?" anauliza habari ya sukari. Akisema "inanikausha mdomo" anaongelea ukakasi. Ukitofautisha hayo mawili tu, umeshawazidi wauzaji wengi.

2. JUA "MKONO MWEPESI" MAANA YAKE NINI

Kamua zabibu nyekundu ya mvinyo kwa vidole. Juisi inayotoka kwenye nyama yake, kwa aina nyingi, haina rangi nyekundu. Rangi iko kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda yake, siku kadhaa mpaka wiki mbili au zaidi, na maganda yanatoa rangi na ukakasi.

Sasa hapo mtengenezaji ana uamuzi. Anaweza kuyasukuma na kuyakamua maganda kwa nguvu mpaka yatoe kila kitu. Au anaweza kuyagusa kidogo kidogo, kama unavyoweka majani ya chai kwenye maji ya moto ukayaacha, badala ya kuyaminya na kijiko. Ukiminya sana unapata rangi kali na uchungu. Ukiacha taratibu unapata ukakasi laini, wenye nguvu lakini haukwaruzi.

Mkono mwepesi unaendelea kwenye hatua nyingine. Kuna wanaotumia hamira inayotoka yenyewe kwenye maganda na kiwandani, badala ya hamira ya paketi. Kuna wanaoweka salfa kidogo sana, ile dawa ya kuzuia mvinyo usiharibike. Kuna wasiochuja, wanaacha mvinyo utulie kwenye tangi mpaka uchafu ushuke wenyewe, halafu wanahamisha ule wa juu. Kuna wasiotumia mapipa mapya ya mbao ili harufu ya zabibu isifunikwe na harufu ya mbao.

Huko Ufaransa, eneo la Beaujolais, watengenezaji kama Marcel Lapierre walijulikana kwa njia hii tangu miaka ya 1980, na leo iko nchi nyingi. Mteja aliyesafiri anaweza kukuuliza kuhusu "mvinyo wa asili". Anamaanisha huu wa mkono mwepesi. Usibabaike.

Lakini elewa jambo moja la kibiashara. Kila kitu ambacho mtengenezaji hakukiweka, kilikuwa na kazi yake. Salfa kidogo maana yake kinga ni ndogo. Bila kuchuja maana yake mashapo yapo, na vijidudu vya hamira vinaweza kubaki ndani. Kwa sababu hiyo mvinyo wa namna hii unatakiwa uwe mkavu kweli, maana sukari ikibaki, joto likiingia, hamira inaweza kuamka na mvinyo ukaanza kuchachuka tena ndani ya chupa. Bidhaa iliyotengenezwa kwa mkono mwepesi inahitaji muuzaji mwangalifu zaidi. Wewe na dereva wako wa boda ndio mnaomalizia kazi ya kiwandani.

3. JUA ZABIBU ZAKO

Wateja wanapenda hadithi ya kweli, na Dodoma tunayo. Zabibu zililetwa huku na wamisionari Wakatoliki, na Bihawana ndipo panapotajwa kama mwanzo wake. Leo mashamba yapo Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Chinangali kule Chamwino na kwingine. Makutupora kuna kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulika na zabibu.

Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ni kidogo, jua ni kali, lakini usiku kunapoa. Jua linaivisha sukari na ganda, baridi ya usiku inasaidia ugwadu usipotee wote. Ndiyo sababu mvinyo mwekundu wa huku unaweza kusimama.

Na kuna kitu ambacho Ulaya hawana: sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza yanaangukia msimu wa mvua, kuanzia Februari na Machi hivi. Ya pili ni kiangazi, Agosti na Septemba. Msimu wa mvua magonjwa ya ukungu ni mengi na zabibu inanyonya maji. Kiangazi ganda ni kavu na zabibu inaiva kwa utulivu. Mtengenezaji wa mkono mwepesi hana pa kuficha zabibu mbovu, kwa sababu haongezi vitu vya kurekebisha. Kwa hiyo ukienda kuchukua mzigo, usiulize mwaka tu. Uliza: "Hizi ni za mavuno ya mwezi gani?" Swali hili linamwonyesha unajua unachonunua, na jibu lake unaliweka kwenye tangazo.

Majina ya zabibu nyekundu utakayokutana nayo: Makutupora nyekundu, na Syrah. Hapa kuna faida ya haraka. Syrah asili yake ni bonde la Rhône huko Ufaransa, na Australia wanaiita Shiraz. Yaani ile Shiraz ambayo mteja ananunua supamaketi kutoka nje, na Syrah ya Dodoma, ni zabibu moja. Mteja anayesema "mimi nakunywa Shiraz tu" umeshampata.

4. ANDIKA TANGAZO LINALOCHUJA WATEJA

Angalia tangazo hili, lipo kila kona:

"Waini kali ya Dodoma, tamu balaa, ya asili 100%, haina kemikali, inaongeza damu. Wahi kabla haijaisha."

Hapo kuna matatizo matatu kwenye mstari mmoja. Ni mkavu, umesema mtamu. Mteja aliyezoea Dompo atakulaani. Umesema haina kemikali, lakini hamira yenyewe inatengeneza salfa kidogo wakati wa kuchachua, kwa hiyo hata kama hakuna iliyoongezwa, huwezi kuapa. Na hilo la kuongeza damu ni la hatari. Mvinyo mwekundu hauongezi damu. Rangi kufanana siyo dawa. Wapo kina mama wajawazito wanaoambiwa wanywe kwa ajili hiyo, na pombe inamdhuru mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho hakina hatari kwa afya. Mteja akikuuliza habari ya damu, mwambie aende kituo cha afya wampime. Utakosa 23,000 leo, lakini utalala usingizi.

Sasa angalia hili:

"Mvinyo mwekundu MKAVU wa Dodoma. Zabibu: Syrah, mavuno ya Agosti. Hauna utamu. Una ukakasi kama chai ya rangi iliyokolea, na ugwadu kiasi. Haujachujwa, kwa hiyo utaona mashapo meusi chini ya chupa. Ni ya zabibu, hayana madhara. Kilevi asilimia 13. Unaenda vizuri na mbuzi choma na mishkaki. Weka friji dakika 25 kabla ya kunywa. Kama unapenda mtamu niambie, nitakushauri mwingine. Miaka 18 na kuendelea. Bei 23,000. Boda Mtumba na Ihumwa 2,000."

Tangazo hili litakupunguzia meseji, ndiyo. Lakini watakaobaki ni wanunuzi. Yule anayetaka utamu ameshajitoa mwenyewe kabla hujamlipia boda.

Sentensi inayofanya kazi kubwa ni ile ya "kama unapenda mtamu niambie". Mteja haoni aibu ya kupenda utamu. Watu wengi wanapenda, na siyo kosa. Usimfanye ajione mshamba. Muuzie anachopenda.

5. MSHAURI CHAKULA, UTAUZA CHUPA YA PILI

Ukakasi unashikana na protini. Ukila nyama, hasa yenye mafuta, ukakasi unapata cha kushika na mdomo unalainika. Ndiyo maana mvinyo ambao peke yake ulikuwa mkali, ukila na mbuzi choma unabadilika kabisa. Mwambie mteja asiuhukumu kwa tumbo tupu.

Pilipili nyingi inafanya kilevi kiwake na ukakasi uwe mkali zaidi. Kachumbari ya kawaida sawa, ile ya pilipili kichaa hapana.

Na hili waandikie kwa herufi kubwa wateja wa sherehe: USIUNYWE NA KEKI. Kitu kitamu kinafanya mvinyo mkavu uonekane mchungu kama dawa. Kama mteja anaagiza chupa kumi kwa ajili ya kukata keki ofisini, muulize mapema: "Mtakunywa na chakula gani?" Akisema keki, mpe mtamu. Usione tamaa ya ile bei kubwa, maana zikirudi kumi unazirudisha wapi?

6. JOTO NDIYO ADUI WAKO NAMBA MOJA

Mvinyo unapenda nyuzi 12 mpaka 18 hivi. Dukani kwetu mwezi wa kumi na kumi na moja, chini ya bati, unajua mwenyewe kunavyokuwa. Hufanyi muujiza, unafanya yafuatayo:

Weka chini, karibu na sakafu, upande ambao jua la jioni halipigi. Kamwe siyo juu ya rafu chini ya bati. Na siyo dirishani kwa ajili ya urembo. Mwanga wa jua unaharibu pia.

Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilaze, ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Yenye mfuniko wa kuzungusha inaweza kusimama.

Nunua mzigo mdogo mara nyingi. Afadhali chupa sita kila wiki kuliko katoni tano zinazokaa miezi mitatu kwenye joto.

Picha piga asubuhi, uirudishe kivulini. Usiache chupa ya mauzo juani nusu saa unatafuta engo nzuri. Tumia chupa tupu kwa picha za nje.

Peleka kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Boda yenye boksi jeusi mchana ni jiko. Funga chupa kwa magazeti mengi, weka kwenye katoni yenye vigawanyo. Mwambie dereva asipitie kwingine kwanza, na akikabidhi anipigie, siyo aache getini kwenye jua.

Kwa mteja: watu wamesikia kwamba mvinyo mwekundu unanyweka kwa joto la chumba. Hilo ni la nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Dodoma mchana siyo chumba hicho. Dakika 20 mpaka 30 za friji zinatosha. Ukiugandisha sana, ukakasi unazidi. Ukifunguliwa, aufunge aurudishe friji na aumalize ndani ya siku mbili tatu.

7. MTEJA AKILALAMIKA: NI TABIA AU NI UBOVU?

Hii sehemu ihifadhi kwenye simu yako.

HIZI NI TABIA, siyo ubovu:
- Mashapo meusi au ya zambarau chini. Asimamishe chupa siku nzima, amimine taratibu, aache kidogo cha mwisho.
- Vichembe vinavyong'aa kama chumvi au vipande vya kioo baada ya kukaa friji. Ni chumvi ya asili ya zabibu iliyoganda. Lakini mwambie akuonyeshe picha, uhakikishe siyo kioo kweli.
- Mdomo kukauka.
- Harufu kidogo kama ya kiberiti mara tu baada ya kufungua, inayoisha ukiacha kwenye glasi dakika 20.
- Rangi kutong'aa sana.

HUU NI UBOVU, rudisha hela bila mabishano:
- Harufu ya siki, au ya ile dawa ya kutolea rangi ya kucha.
- Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa chenye ukungu, hata baada ya kuacha dakika 20.
- Gesi na povu kama soda wakati haukuuzwa hivyo, au kizibo kimesukumwa juu na chupa inavuja.
- Rangi imekuwa kahawia na ladha kama matunda yaliyopikwa. Hapo joto limepita. Na hapo jiulize kama limepita kwa mtengenezaji au kwako.

Meseji ya kujibu unaweza kuiweka tayari:

"Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu. Naomba unisaidie mambo mawili: picha ya chupa kwa karibu, na uniambie harufu yake ikoje, kama siki, kama ukungu, au kama zabibu. Kama ni siki au ukungu nakurudishia hela yako leo. Kama ni yale meusi ya chini, hayo ni mashapo ya zabibu, nilikuandikia kwenye tangazo. Ukiacha chupa isimame ikatulia, ukamimina taratibu, hayataingia kwenye glasi."

Umeona? Humbishii. Unamuuliza kwanza. Na maneno "nilikuandikia kwenye tangazo" unaweza kuyasema tu kama kweli uliandika.

Ukipata ubovu wa kweli, hifadhi chupa na namba ya toleo iliyo kwenye lebo, mpigie mtengenezaji siku hiyo hiyo. Kubaliana naye mapema, kabla hujachukua mzigo, nani anabeba hasara ya chupa mbovu. Mtengenezaji mdogo mwenye akili atafurahi kuambiwa, kwa sababu huenda tangi zima lina tatizo.

8. KARATASI ZAKO ZIWE SAWA

Pombe siyo viatu. Kuuza kunahitaji leseni ya vileo kutoka halmashauri, hata kama duka lako liko kwenye simu. Chupa iwe na alama ya TBS na stempu ya kielektroniki ya TRA. Mtu akikuletea mvinyo wa kwenye chupa za maji kwa bei ya kutupa, mwache aende nao, hata kama ni ndugu. Usiuzie mtu chini ya miaka 18, na mwambie dereva wa boda asikabidhi mtoto aliyetumwa na baba.

Soma pia kanuni za mtandao unaoutumia. Mitandao mingi ina masharti makali juu ya pombe, na ukurasa unaweza kufungwa ukapoteza wateja wote wa bidhaa nyingine. Weka tangazo lionekane kwa watu wazima tu pale mtandao unaporuhusu, na hifadhi namba za wateja wako nje ya mtandao. Na kwenye stetasi, chagua nani aone. Una wateja wanaonunua kwako unga na sabuni ambao dini yao hairuhusu pombe. Kuwaheshimu ni biashara pia.

KAZI YA WIKI HII

Usichukue mzigo wa kuuza kabla hujafanya haya, na ni ya gharama ndogo.

Kwanza, nunua kichane cha zabibu nyekundu barabarani. Kula nyama yake peke yake, halafu tafuna ganda peke yake, halafu kokwa. Utajua utamu uko wapi, na ukakasi uko wapi. Hata kama hunywi pombe, hili unaweza kulifanya na utaweza kumweleza mteja kwa uhakika.

Pili, chemsha chai ya rangi, kikombe kimoja majani yakae dakika tatu, kingine dakika kumi na tano na uyaminye. Onja vyote viwili bila sukari. Hiyo ndiyo tofauti ya mkono mwepesi na mkono mzito.

Tatu, nenda kwa mtengenezaji na maswali matano kwenye karatasi: ni zabibu gani, mavuno ya mwezi gani, sukari imebaki au imeisha, umechujwa au haujachujwa, na chupa mbovu tunafanyaje. Majibu yake yaandike hapo hapo. Hayo matano ndiyo tangazo lako, limeshaandikika. Asiyeweza kuyajibu, usimchukulie zaidi ya chupa mbili za kujaribia.

Kazi njema, na mzigo ukae kivulini.